Mfuniko ambao baba hakuufungua

Mzinga uliohamwa unautambua kabla hujaufungua. Ukiweka sikio ubavuni husikii ule mvumo wa chini kwa chini, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia kama sanduku tupu. Mwishoni mwa Januari 2022 niligonga mizinga yangu 22, mmoja baada ya mwingine, huku Kilema juu, mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Mizinga 14 ililia hivyo. Ndani masega yalikuwa makavu, mengine yameshatandwa na nondo wa nta. Sakafuni hapakuwa na mizoga. Nyuki waliondoka wakiwa wazima, na aliyewasukuma ni mimi.

Kila nikikutana na wafugaji wenzangu wa milimani, wa Meru, wa Usambara, wa Uluguru, nasikia neno lilelile: nyuki wa siku hizi hawatulii. Nami nilikuwa nalisema. Sasa silisemi tena, na nataka kueleza kwa nini, kwa kirefu kidogo, maana mambo haya niliyajua kwa hasara na sioni sababu ya mwingine kuyalipia upya.

Marehemu baba aliniachia mizinga 9 ya magogo na kisu cha kukatia masega. Magogo yalikuwa ya mringaringa, yamechongwa na babu, kila moja lina mifuniko miwili ya mbao, mmoja kila upande, na alama ya ukoo wetu imekwanguliwa juu yake ili lisije likachanganywa na la jirani. Kwa desturi ya kwetu ile haikuwa kazi ya mwanamke. Kupanda mti usiku, kijinga cha moto mkono mmoja na kapu mkono wa pili, ilikuwa ya wanaume. Mimi na mama tulikaa chini ya mti na beseni. Nililelewa chini ya mizinga, lakini nilikuwa sijawahi kuuona ukifunguliwa hata mmoja.

Niliporudi nyumbani mwaka 2011 kumuuguza mama, kaka zangu wote walikuwa mjini na baba miguu ilikuwa imeshamkataa. Siku moja alinipa kile kisu akasema, "Shika, mwanangu. Nyuki hawatambui gauni." Mengine alinifundisha akiwa ameketi kwenye kigoda, kwa kuelekeza na fimbo. Yaliyokuwa mkononi mwake, yale ambayo mtu anayafanya bila kuyawaza, hayakufundishika kwa fimbo.

Nilichokishika vizuri ni majira yake. Masika ilinyesha Machi hadi Mei, miti ikachanua, naye akarina asali Agosti. Vuli ilianza Oktoba, kahawa ikachanua, mfurufuru ukafuata, akarina Februari. Hakuandika popote wala hakuhitaji kuandika. Aliniambia kuwa katika umri wake wote wa kufuga alipotezwa na majira mara chache sana, mojawapo ikiwa ile El Niño ya 1997, mvua iliyonyesha hadi nyuki wakashindwa kutoka nje kwa majuma na masega yakaota kuvu.

Agosti 2021 nikarina kama alivyonifundisha. Wakati huo nilikuwa nimeshaongeza mizinga ya masanduku, ile ya viunzi vya juu, ambayo unaitundika kwa waya usawa wa kiuno na kufungua kifuniko chote kwa mara moja. Asali haikuwa nyingi. Nilikuwa nadaiwa ada ya shule, wanunuzi walikuwa wanapiga simu, kwa hiyo nilikata karibu yote, nikajiambia vuli itawarudishia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa chini ya wastani huku kaskazini. Nilisikia redioni nikiwa jikoni. Niliwaza mahindi ya shamba la chini, nikaahirisha kununua mbegu. Nyuki sikuwawaza kabisa, kana kwamba wao wanaishi kwenye nchi nyingine.

Mwishoni mwa Oktoba ikanyesha siku 2, ikakata.

Hapa inabidi nieleze kahawa, kwa sababu bila kuielewa kahawa huwezi kuwaelewa nyuki wa vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, vya Uchaggani. Matumba ya maua ya mbuni hutungwa, kisha yanalala wakati wa ukavu. Mvua nzuri ya kwanza huyaamsha, na baada ya siku 8 hadi 10 hivi mashamba yanakuwa meupe na harufu yake inaingia mpaka ndani ya nyumba. Maua yenyewe yanadumu siku 2 au 3 tu. Zamani mvua moja kubwa ilifungua maua mengi kwa pamoja, ya pili ikamalizia yaliyobaki. Sasa mvua inakuja kwa vipande, na kahawa nayo inachanua kwa vipande: kihamba hiki leo, kile baada ya majuma mawili, kingine hakichanui mpaka mwaka unapinduka. Mkulima anaona hasara wakati wa kuchuma, kwa sababu buni zinaiva kwa nyakati tofauti na inabidi arudi mti uleule mara nyingi. Nyuki hasara yao inaanza mapema zaidi.

Mbochi, yaani maji matamu ya maua, na chavua vikianza kuingia mzingani, malkia anaongeza kutaga. Kwa nyuki wetu, kutoka yai hadi nyuki kamili ni kama siku 20, na nyuki huyo kibarua hufanya kazi za ndani majuma mawili matatu kabla hajaanza kutoka kwenda kutafuta. Yaani yai lililotagwa siku kahawa ilipochanua litazaa mtafutaji baada ya siku 40 hivi. Kundi linakopa. Linakula akiba yake leo kulea majana, yaani watoto wa nyuki, kwa kutegemea kwamba maua yatakuwepo mwezi mmoja na zaidi baadaye. Vuli ikiwa ya kweli, mkopo unalipika, kwa sababu nyuki wengi wanazaliwa wakati miti mingi imechanua. Vuli ikiwa ya siku 2, kundi linajikuta na midomo maelfu, maua hakuna, na ghala ambalo nilikuwa nimeshalikomba Agosti kwa kisu cha baba.

Hawahami ghafla. Kwanza wanafukuza madume. Unawaona asubuhi wakiburutwa mlangoni. Kisha wanakula mayai na majana yao wenyewe. Malkia anaacha kutaga. Asali kidogo iliyobaki inajazwa tumboni kwa ajili ya safari, na asubuhi moja yenye jua wanaondoka wote. Dalili hizi zote zilikuwepo Desemba ile. Niliziona, na nikaziita kwa majina mengine: nikasema ni sisimizi, nikapaka oili chafu kwenye waya, nikasema ni nyegere, nikainua mizinga juu zaidi.

Baada ya kugonga ile mizinga 14 nilikwenda kwa mzee mmoja jirani, rika la baba, ambaye walikuwa wakipanda miti pamoja. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako una msiba."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Uliwaachia nini?"

Nikanyamaza.

"Baba yako alikuwa anafungua mfuniko mmoja," akasema. "Gogo lina mifuniko miwili. Wa mbele ni wa mwenye mzinga. Wa nyuma ni wa nyuki wenyewe. Tangu namjua sikumwona akigusa wa nyuma."

Nilirudi nyumbani nikayatazama yale magogo 9. Mifuniko ya mbele ilikuwa imelainika na kung'aa kwa mikono ya miaka mingi. Ya nyuma ilikuwa imezibwa pembeni kwa gundi ya nyuki, nyeusi, ngumu kama lami. Na jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu wiki nzima sikuliona mpaka siku ile: katika mizinga 8 iliyokuwa bado na nyuki, 7 ilikuwa magogo ya baba. Kwenye magogo niliendelea kukata upande mmoja tu kwa sababu ndio niliofikia vizuri na ngazi. Kwenye masanduku, yanayofunguka yote, sikuwa na kitu cha kunizuia.

Nimelifikiria sana jambo hili. Nilidhani ujuzi wa baba ulikuwa majira, Agosti na Februari, nikayashika kama amri. Majira yalikuwa ni sehemu ndogo tu, na ndiyo iliyoharibika. Sehemu kubwa ilikuwa kuacha, na hiyo ilifanyika juu ya mti gizani, mahali ambapo mtoto wa kike hakuruhusiwa kufika. Angekuwa alinipandisha japo mara moja nikiwa na miaka 10, ningeiona. Simlaumu baba peke yake, ndivyo watu wa wakati wake walivyoishi. Lakini nasema wazi kwamba tumepoteza maarifa mengi kwa kuwaweka nusu ya watoto chini ya mti.

Tangu mwaka ule narina kwa mizani. Ninayo mizani ya ndoano, ileile tuliyokuwa tunapimia kahawa ya maganda kabla ya kuipeleka chama cha msingi. Mzinga wa sanduku unaning'inia kwa waya pande mbili. Nainua upande mmoja kwa ndoano mpaka unaachana na waya kidogo, nasoma, nakwenda upande wa pili, nasoma, najumlisha. Kazi ya dakika 2, bila kufungua, bila moshi. Sanduku langu tupu lina kilo 18. Nyuki, majana na masega yao vinaongeza kilo 7 au 8. Kinachozidi hapo ni akiba. Mzinga ukiwa chini ya kilo 34 siukati hata kama ni Agosti, hata kama mnunuzi amesimama getini. Na ukiwa juu ya hapo naacha masega 8 ya asali yaliyo karibu na majana, nahesabu kutoka kwenye majana kwenda nje. Hayo 8 ndiyo mfuniko wangu wa nyuma.

Kila Jumapili baada ya ibada naandika uzito kwenye daftari, na pembeni yake naandika kilichochanua: mgrevilea, mparachichi, mfurufuru, kahawa ya nani. Miaka ya daftari langu haifanani. Kuna mwaka uzito ulipanda Desemba, kuna mwaka ulishuka Desemba na kupanda Machi, mwezi ambao baba asingethubutu kuutaja. Vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño, mvua nyingi mfululizo, na maua yalijaa tele lakini mbochi ukaoshwa na nyuki wakafungiwa ndani. Ukitazama miti ungesema mwaka wa neema. Ukitazama mizani uzito ulikuwa unashuka gramu mia tano, mia saba kwa juma. Niliwapa maji ya sukari mvua ikinyesha, jambo ambalo lingemshangaza mzee yeyote wa hapa. Sukari naitoa sehemu moja kwa moja ya maji nikitaka kuwatia nguvu, mbili kwa moja nikitaka waweke akiba, na mzinga uliolishwa siurini mpaka niwe na hakika kuwa waliyoweka baadaye ni ya maua. Asali ya sukari ukimuuzia mtu, umemwibia.

Unyevu nao ulinipa somo lake. Kwetu, kwenye mita 1,700 na ushee, ukungu unashuka saa 9 alasiri na mara nyingi hauondoki mpaka kesho yake saa 4. Mvua kubwa kabisa ya mlima upande huu inanyesha juu yetu kidogo, karibu na mita 2,200, ndani ya msitu. Wafugaji wa tambarare wanafundisha kwamba sega lililozibwa kwa nta limeiva. Kwao ni kweli. Kwetu, majira ya manyunyu, nyuki wanaweza kuziba sega ambalo asali yake bado ina maji kupita kiasi. Mwaka 2018 nilijaza ndoo 6, zote za masega yaliyozibwa vizuri. Baada ya miezi miwili mnunuzi akanipigia: mifuniko imevimba. Nilipofungua moja ilitoa povu na harufu ya mbege ya jana, ile pombe yetu ya ndizi. Nilirudisha fedha yake yote. Asali inayozidi asilimia 20 ya maji inachacha, hakuna ujanja. Siku hizi nina kipimo kidogo cha mkononi cha kuonyesha maji ya asali. Natia tone moja la kila sega ninalolitilia shaka. Kama sina hakika, naliacha mzingani juma moja la jua. Na bati la juu ya mzinga nimelivika majani makavu ya migomba, kwa sababu bati tupu usiku wa baridi linatiririsha matone ndani, nyuki wanalowa, na mzinga nauinamisha kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke.

Watu wakizungumzia Kilimanjaro na mabadiliko ya tabianchi wanazungumzia theluji. Ni kweli barafu imeisha kwa kasi. Kati ya 1912 na 2007 ilipotea kama asilimia 85. Inaniuma, kwa sababu nilikua nikiitazama kila asubuhi. Lakini maji yanayojaza mifongo yetu, ile mifereji ya kumwagilia, na kuamsha kahawa yanatokana zaidi na msitu, na msitu unaliwa na moto. Ile miti ya juu yenye kuvumwani na ndevu za kijivu inakamua ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone. Ikiungua, ukungu unapita tu. Watafiti waliofuatilia mlima huu kwa miongo mingi wameonyesha kwamba moto umeteremsha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita.

Usiku wa Oktoba 2020 tuliutazama mlima ukiwaka. Moto ulianza tarehe 11 eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, vituo vya wapanda mlima, juu kabisa ya vijiji vyetu. Ulikuwa mstari mwekundu uliokuwa unapanda na kushuka na upepo, na asubuhi majivu membamba yalikuwa kwenye majani ya kahawa. Vijana wetu walipanda na majembe na matawi kusaidia askari wa hifadhi na wanafunzi. Miaka miwili baadaye, Oktoba 21, 2022, ukawaka tena upande wa kambi ya Karanga. Mara zote mbili Oktoba, mwisho wa ukavu, mwezi ambao zamani vuli ilikuwa imeshaanza kulowesha.

Sisemi kwamba moto wa Whona uliwashwa na warina asali. Hata hivyo warina asali tumetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa wanaochoma mlima, na mimi niliyekaa chini ya mti siwezi kusema tunasingiziwa. Nakumbuka cheche za kijinga cha baba zikianguka kama mvua. Zilidondokea kuvumwani iliyolowa zikazimika kwa mlio mdogo, "chsss", nasi watoto tukacheka. Baba hakuwa mzembe. Alikuwa anarina kwenye msitu uliokuwa ukijizima wenyewe. Kijinga kilekile leo, kwenye majani yaliyokauka tangu Julai, ni balaa.

Kwa hiyo urithi wa moto nimeukataa. Sipandi mti na moto, hata uwe wa nani. Natumia bomba la moshi, nalijaza magunzi ya mahindi, juu yake naweka majani mabichi ili moshi utoke wa baridi na cheche zisitoke. Kabla sijaliwasha nafyeka na kufagia hatua 3 kuzunguka mzinga, na ndoo ya maji inakuwa pale. Nikimaliza nalikaba mdomo kwa nyasi mbichi, na majivu nayamwaga kwenye shimo lenye maji, si pembeni ya njia. Narina jua likizama, nikiwa na tochi ya kichwani niliyoifunga karatasi nyekundu ya nailoni. Nyuki hawaoni wekundu, hawairukii. Mizinga yote iko chini, usawa wa kiuno. Binti yangu alianza kurina akiwa na miaka 12, na kitu cha kwanza nilichomwonyesha ni masega ya kuacha.

Msituni kwenyewe siingii na mzinga. Ule ukanda tuliouita Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na mahitaji, ndimo babu alimotundika, na baba pia. Tangu 2005 msitu umo ndani ya hifadhi ya taifa, na magogo yetu yalishuka kwenye vihamba. Baba aliumia. Mimi nimetundika kwenye ukingo, upande wetu wa mpaka, na nyuki hawahitaji kibali. Wanapanda asubuhi na kurudi na chavua ya rangi nisizozijua majina yake. Wale wa juu ni weusi, wakubwa kidogo, wapole, wanatoka hata kukiwa na baridi. Wataalamu waliwapa jina mwaka 1961, monticola, wa mlimani.

Nilikaribia kuwaharibu. Baada ya hasara ya 2022 nilinunua makundi 5 kutoka upande wa Himo, kwenye tambarare, nikayapandisha usiku kwa gari. Nilitaka kujaza masanduku haraka. Walikuwa wakali ajabu. Mbuzi wa jirani aliyefungwa kwenye isale, ule mmea wa mpakani, alikufa kwa kuumwa, nikamlipa. Lakini baya zaidi ni kwamba hawakuijua baridi yetu. Ukungu ukishuka walikaa ndani wakila, na ilipofika Julai, mwezi wetu wa baridi kali, makundi 3 yalikuwa yamedhoofika kabisa. Tena madume yao walishatoka na kupandana na malkia wa juu, na mpaka leo kuna mizinga miwili ambayo naifungua kwa hofu. Sasa sinunui. Natega: nasugua nta na gundi ya nyuki ndani ya sanduku tupu, naliweka karibu na magogo ya baba, na makundi ya kwenye magogo yakigawanyika nyuki wanahamia hatua 20 tu. Masanduku 9 nimeyajaza hivyo, kwa miaka mitatu. Polepole, lakini ni watu wa hapa.

Sumu ya nyanya nitaitaja kwa ufupi tu, kwa sababu nikianza sitamaliza. Kahawa ilipong'olewa na kivuli chake kukatwa, nyanya zikaingia, na dawa zake zinapigwa asubuhi maua yakiwa wazi. Nilikwenda kwa majirani watatu na chupa ya asali kila mmoja, nikawaomba wapige jioni. Wawili wamekubali. Wa tatu anasema jioni yuko kwenye biashara zake. Bado naendelea kumpelekea asali.

Leo ni Jumapili. Nimepima mizinga yote. Mvua ilinyesha Jumatano iliyopita, usiku mmoja, haikurudi. Matumba ya kahawa yamevimba kwenye kihamba chetu na cha yule mzee. Huko chini hayajagutuka. Mzinga namba 7 ulikuwa kilo 36 juma lililopita, leo 35 na nusu, na mlangoni nimeona chavua ya manjano ikiingia, maana yake malkia ameshaanza kuongeza mayai. Binti ameandika kwenye daftari, kisha akaniuliza kama tuanze kuwapa sukari au tusubiri Jumatano. Nimemwambia tusubiri siku 3, lakini kilo 5 nimeshazinunua, ziko kabatini.